Jozi

Mchana, kwenye zahanati ya Özgön, mimi ni mjuzi.
Nina koti jeupe, nina chati ukutani,
nina umbo la mbao ninalolivisha mpira
mbele ya wake wanaotazama viatu vyao.
Nawafundisha sentensi moja, fupi,
kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara:
"Kabla ya lolote, mume wangu, tupime."
Wanairudia. Wanaondoka nayo
imekunjwa ndani ya skafu,
na najua wengi wataidondosha mlangoni,
pale palipo na viatu vya mama mkwe.

Baridi hii wamerudi wanaume kumi na tisa
kutoka Novosibirski, kwenye majengo marefu.
Wamerudi na simu, na makoti, na meno ya dhahabu,
na usiku mwingi ambao hakuna aliyeuhesabu.
Wake sita nimewatoa damu. Wawili nimewaambia.
Mmoja, jina lake ni langu kulitunza, aliniuliza:
"Nitasemaje kwamba nimejua
bila kusema kwamba nilishuku?"
Sikuwa na chati ya jambo hilo.

Leo amerudi wa ishirini. Wangu.

Taalaibek ameingia na theluji mabegani,
ananuka saruji na maganda ya machungwa.
Mama Burul amelia, amechinja, ameita mtaa,
kisha ameshusha susu la mbao juu ya kabati,
akalipangusa vumbi kwa upindo wa gauni
bila kunitazama. Ya nini kunitazama?
Miaka sita ya ndoa, na susu halijaujua uzito wa mtu.
Mpira, ndani ya nyumba hii, ni tusi.

Nikamimina chai. Kwetu kikombe hujazwa nusu
ili mtu aombe tena, ili akae.
Mkono ukanitetemeka, kikombe kikajaa pomoni,
na kikombe kilichojaa pomoni humwambia mtu: nenda.
Akakitazama. Akanywa. Hakusema.

Usiku. Ukuta mwembamba kama ganda la kitunguu,
na upande wa pili mama anakohoa
ili tujue kwamba yu macho.
Nami, mjuzi, sentensi yangu mwenyewe
imenikwama kama mwiba wa samaki.
Nikiitamka, nimemwita mzinzi.
Nikiimeza, nimejiweka rehani.
Na kuna la tatu, lisiloandikwa popote:
nilikuwa na hamu naye. Shingo yake. Miaka mitatu.
Hamu ina haraka zake, haisomi mabango.

Akatoa mfukoni kokwa za jozi,
alizonunua njiani chini ya msitu wa Arslanbob.
Akazibana kwenye bawaba ya mlango, moja, nyingine.
Tukala kitandani kama watoto walioiba.
Na hapo, mdomo ukiwa umejaa,
sentensi ikatoka vibaya, bila "mume wangu",
bila sauti ya zahanati:
"Nataka tupime."

Kimya. Kikohozi ukutani.
Nilingoja kofi, au mlango.
Akauliza, akikusanya maganda kiganjani:
"Mimi tu, au sote?"

Vidole vya watu mia nimevichoma.
Changu, hata siku moja.
Nikaikumbuka Machi ile, zamu ya usiku,
dereva wa gari la wagonjwa, na joto la injini.
Usiku ambao nao hakuna aliyeuhesabu.

"Sote," nikasema.

Nikavileta vipimo viwili ndani ya soksi.
Tone lake. Tone langu. Sahani ya maganda katikati.
Dakika kumi na tano, na saa ya ukutani imekufa,
tukahesabu kwa simu yake mpya.

"Ikitoka mistari miwili?"
"Kuna dawa. Kidonge kimoja kila siku. Watu wanaishi,
wanazaa. Huwa nawaambia hivyo."
"Nao hujibu nini?"
"Hutazama viatu."

Tukainamisha vichwa.
Hatukuwa na viatu.